Filta ya AC ya gari: ya kawaida, ya mkaa, au upulize ile ile ya zamani? Nawalinganishia

Wakuu habari za muda huu. Nataka tuongelee filta ya AC, kwa sababu nimeona watu wengi wanamwaga hela kwenye gesi na kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) wakati shida yao inakaa nyuma ya droo ya dashibodi na inatoka kwa dakika kumi.

Mimi nina Toyota Premio, naishi Kimara hapa Dar na kazini ni Posta, kwa hiyo kila siku asubuhi na jioni niko Morogoro Road kwenye foleni. Mwaka jana AC ikaanza kunipa upepo dhaifu, yani ukiweka namba 4 feni inapiga kelele kweli kweli lakini ukiweka mkono kwenye tundu unasikia kaupepo kadogo tu. Nikapeleka gereji fulani, fundi akawasha, akagusa mapaipu, akasema "boss hapa gesi imeisha", akajaza nikalipa. Wiki mbili hali ile ile, nikarudi, akajaza tena nikalipa tena. Halafu siku moja nampeleka mama mdogo kliniki, ana pumu, tumefika Ubungo akaanza kukohoa, akaniambia "mwanangu zima hicho kitu, kinanuka uvundo, afadhali tufungue vioo". Ile kauli iliniuma. Jioni hiyo hiyo nikafungua droo mwenyewe, nikavuta filta, na sijasahau nilichokiona: imekuwa nyeusi kama masizi ya jiko, kwenye mikunjo kuna majani makavu ya mwarobaini ninaoupaki chini yake, manyoya ya njiwa, na mabawa ya kumbikumbi yamejipanga kama mtu kayachomeka. Huo ndo mlango ambao hewa ya mama mdogo ilikuwa inapita.

Kwa hiyo jambo la kwanza shikeni hili, litawaokolea hela: gesi ikipungua upepo unakuja mwingi lakini hauna baridi, filta ikiziba upepo unakuja wa baridi lakini mdogo. Hizo ni dalili mbili tofauti kabisa. Na kujaza gesi kwenye mfumo ambao haujapungukiwa sio kwamba haina madhara, presha inapanda na kompresa ndo inaumia.

Tunaongelea filta ipi

Sio eya kilina. Eya kilina iko chini ya boneti, inachuja hewa ya injini. Hii ya AC inachuja hewa unayovuta wewe, na ukiipeleka gari sevisi mafundi wengi wanabadilisha oili, filta ya oili, wanaangalia eya kilina na plagi, hii ya ndani hawaigusi mpaka uwaambie. Hewa inaingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala, inapita kwenye filta, inavutwa na feni, inasukumwa kwenye evaporeta (ile yenye mapezi membamba ya aluminiamu inayopoza), ndo inakuja usoni kwako. Kwenye Toyota nyingi hata ukibonyeza kale ka kitufe ka hewa kuzunguka ndani, hiyo hewa ya ndani nayo inapita kwenye filta hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna namna ya kuikwepa.

Evaporeta muda wote AC ikifanya kazi inakuwa imelowa, ndo yale maji mnayoona yanadondoka chini ya gari. Sasa chukua kitu kilicholowa, kiko gizani, kipulizie vumbi miaka miwili, unapata tope na ukungu. Ule uvundo unaotoka dakika za kwanza ukiwasha AC chanzo chake mara nyingi ni hapo. Na kusafisha evaporeta vizuri kwenye gari nyingi ni kushusha dashibodi, kazi ya siku nzima na fundi asipokuwa makini unarudishiwa gari inagonga gonga kila mahali. Filta ipo kukulinda wewe na hiyo evaporeta pia.

Sasa tulinganishe

Sokoni ukiingia maduka ya spea Gerezani kule Kariakoo au Shaurimoyo utakutana na aina mbili hasa, nyeupe ya kawaida na ya mkaa ambayo ni ya kijivu au nyeusi. Halafu kuna njia mbili za mtaani ambazo watu wanazitumia: kupuliza au kuosha ile ya zamani, na kukata sponji. Na kuna kundi la tano wengi hawajijui kwamba wako humo, wasio na filta kabisa.

Nianze na nyeupe. Tunaiita ya karatasi ila sio karatasi ya daftari, ni kitambaa cha nyuzi nyembamba za plastiki zilizoshindiliwa na kukunjwa kunjwa ili eneo liwe kubwa ndani ya kafremu kadogo. Inakamata kwa namna mbili, vumbi kubwa linashindwa kupita, na lile dogo linavutwa na umeme tuli ambao nyuzi zimewekewa kiwandani, kama vile kitana ukikisugua kichwani kinavyonyanyua vipande vya karatasi. Shikeni hilo la umeme tuli, nitalirudia. Unywele wa mtu una unene kama mikroni 70 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), chavua za maua mara nyingi ni kuanzia mikroni 10 kwenda juu, hizo filta nyeupe inazimaliza vizuri. Chembe zile ndogo za moshi zilizo chini ya mikroni moja inakamata kiasi tu. Na harufu, gesi, mvuke wa petroli, haikamati kabisa, vinapita kama hakuna kitu.

Ya mkaa ni hiyo hiyo nyeupe ila katikati wameweka tabaka la chembechembe za mkaa. Sio mkaa wa gunia. Ni mkaa uliopikwa kwa joto kubwa na mvuke mpaka ukawa na matundu madogo yasiyohesabika, gramu moja ukiitandaza kuta za matundu yake zote inazidi mita za mraba 500, na mwingine unatengenezwa kwa vifuu vya nazi. Gesi na harufu zikipita zinang'ang'ania kwenye hizo kuta. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori la dizeli linatema moshi mweusi, ya mkaa inapunguza ile harufu inayokukaba koo, nyeupe haifanyi hivyo. Na moshi wa dizeli sio usumbufu wa pua tu, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliuweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2012, kundi moja na sigara.

Ila ya mkaa ina mambo matatu muuzaji hakwambii. Moja, mkaa unajaa. Kuta zikishajaa gesi hazipokei tena, na wewe kwa macho huwezi kujua maana ilikuwa nyeusi tangu dukani. Mbili, unyevu wa hewa nao unachukua nafasi kwenye hayo matundu, na sisi wa pwani unyevu ndo maisha yetu. Tatu, na hili naomba mlisome mara mbili, haikamati kaboni monoksaidi. Ile gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala kwenye gari imewashwa ndani ya gereji au sehemu iliyofungwa, filta ya mkaa haiizuii hata kidogo. Asije mtu akakuuzia kwa maneno hayo.

Bei, ya mkaa mara nyingi inakwenda karibu mara mbili ya nyeupe. Nyeupe ya mwisho niliyonunua mimi ilikuwa elfu 15.

Kuhusu kupuliza. Najua tunaambiwa "hii bado nzima mzee, tupige upepo tu", na kwa macho kweli inarudi rangi. Lakini upepo wa kompresa ya gereji unatoa majani na vumbi la juu, lile dogo lililozama kwenye nyuzi linabaki, na presha ile inatanua na kupasua nyuzi kwa hiyo inaporudi ndani inapitisha zaidi kuliko mwanzo. Kuosha ndo mbaya zaidi, ukiiloweka kwenye maji ya sabuni ule umeme tuli niliowaambia unakufa, nyuzi zinabaki kuwa chujio la kawaida tu, na isipokauka vizuri unairudishia gari ukungu kwa mkono wako. Ya mkaa ukiiosha umeiharibu kabisa. Mimi napuliza katika hali moja tu, nimesafiri, filta ina miezi miwili, imejaa majani na wadudu, naikung'uta kwa mkono, naipuliza kidogo kutoka upande wa chini nikiwa mbali, inivushe mpaka nifike nyumbani ninunue mpya. Zipo chache zimetengenezwa kuoshwa na zimeandikwa hivyo kwenye boksi, hizo sawa, fuata maelekezo yake.

Sponji sitaki kuiongelea sana. Kipande cha sponji la godoro kinakatwa kwa mkasi kinashindiliwa, pembeni kinaacha mianya hewa yote inapita hapo, na baada ya miezi kwa joto la ndani ya gari linaanza kumeguka vipande vinaingia kwenye feni. Usikubali.

Na wasio na filta. Gari nyingi tunazoagiza Japani, hasa ndogo ndogo za zamani, zilitoka na nafasi ya filta lakini filta yenyewe ilikuwa nyongeza ya kulipia, au mwenye gari wa kwanza aliitoa akaisahau. Passo ya dada yangu ilikuwa hivyo, tumefungua pale tukakuta kijumba kitupu na blanketi la vumbi juu ya mapangaboi ya feni. Dada alikuwa anafuta dashibodi kila siku asubuhi na jioni vumbi limerudi, akidhani ni vioo havifungi vizuri. Kabla hujachagua aina yoyote fungua kwanza uone kama unayo.

Kuna watu wanauliza HEPA. Kiwango cha HEPA ni kukamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, na gari zilizojengwa kwa ajili hiyo zipo, Tesla walianza kuiweka kwenye Model X mwaka 2015, lakini ile filta yao ni kubwa mno na feni imepangwa kwa ajili yake. Filta nzito hivyo ukiipachika kwenye kafeni ka Vitz utapata kaupepo kale kale nilikokuwa napata mimi na filta chafu. Ukiona boksi dogo la bei poa limeandikwa HEPA la gari ya kawaida, mimi nisingelipia hayo maandishi.

Feki unaijuaje

Hili linagusa ya mkaa zaidi, kwa sababu kuna kitambaa cheupe kimetiwa rangi ya kijivu kinauzwa bei ya mkaa. Shika mbili mkononi, nyeupe na ya mkaa za size moja, ya mkaa halisi inazidi uzito unasikia wazi. Pitisha kidole gumba kwenye mkunjo mmoja, unatakiwa usikie chembechembe ndani kama mchanga laini kati ya vitambaa viwili. Ukiigonga gonga juu ya karatasi nyeupe, ya kweli mara nyingi inadondosha kaunga keusi kidogo. Hakuna uzito, hakuna chembe, hiyo ni rangi.

Kwa aina zote mbili angalia fremu. Ikiwa legelege au fupi kwa milimita kadhaa hewa inapita pembeni na hela yako imepotea hata kama kitambaa ni kizuri, maana hewa haina adabu, inafuata palipo rahisi. Hesabu na mikunjo, yenye mikunjo michache iliyotawanyika ina eneo dogo na itaziba mapema. Ukienda dukani nenda na ile ya zamani au piga picha namba yake, za Toyota nyingi zinaanzia 87139, hiyo inapunguza kupewa "hii inaingia tu kaka".

Ipi kwa nani

Hapa ndo msimamo wangu, na nimeufikia kwa gari tatu za nyumbani. Angalia barabara yako kwanza, halafu uwezo wako wa kubadilisha kwa wakati.

Mzee wetu yuko Dodoma, Noah yake inaingia mashambani huko, rafu rodi ya vumbi jekundu tupu. Harufu ya magari hana, adui yake ni vumbi na linaziba filta kwa miezi. Kumwekea ya mkaa ni kumpa kitu cha bei mbili kitakachozibwa na vumbi kabla mkaa haujafanya hata nusu ya kazi. Yeye nampa nyeupe, namtumia mbili mbili kwa basi, na kila baada ya miezi minne mitano kijana wa pale anaivuta anabadilisha. Vitabu vingi vya magari vinasema kilomita 15,000 mpaka 30,000 au mwaka mmoja, lakini hiyo ni ya barabara za lami, kwenye vumbi wenyewe wanaandika upunguze, na mimi naigawa kwa mbili bila kujiuliza.

Mimi niko kwenye foleni, saa moja na nusu nyuma ya mabasi na malori, nimeweka ya mkaa na naibadilisha kila mwaka hata ikiwa inapendeza kwa macho, kwa sababu ya kule kujaa nilikosema. Mama mdogo amepanda tena mara kadhaa, tunafika kliniki hajakohoa. Sisemi filta inatibu pumu, dawa zake anatumia kama daktari alivyomwandikia, lakini kile kilichokuwa kinamchokoza ndani ya gari yangu hakipo. Kama una mtoto mchanga, mgonjwa wa pumu au mtu mwenye aleji na unaendesha mjini, hapo kwenye kuchagua sioni cha kufikiria, chukua ya mkaa.

Passo ya dada inatoka Mbezi inaenda shuleni kwake na kurudi, kilomita chache, njia nusu lami nusu vumbi. Nyeupe. Aliniuliza mbona yako nzuri yangu ya bei rahisi, nikamwambia dada yangu, nyeupe mpya kila baada ya miezi sita inakupa hewa safi kuliko ya mkaa uliyoisahau miaka miwili.

Hapo ndo penye kosa kubwa la wengi, tunanunua ya bei mbaya halafu tunajipa ruhusa ya kuisahau. Kama unajijua hela ya kubadilisha inakuja kwa taabu, chagua ile utakayoweza kuirudia.

Kitu kimoja cha bure kwa wa foleni: ukifika nyuma ya lori bonyeza hewa ya ndani, moshi ukipungua rudisha ya nje. Usiache ya ndani safari nzima mkiwa wengi, kaboni dayoksaidi mnayoitoa inajaa, unaanza kusinzia, na kipindi cha masika vioo vinaganda ukungu huoni mbele. Vioo kuganda ukungu kwa muda mrefu na upepo haufuti nayo ni dalili ya filta iliyoziba.

Kuifunga

Kwenye Toyota nyingi unatoa vitu kwenye droo, unachomoa kale kamkono kembamba pembeni, unabana kuta mbili za droo kwa ndani inashuka yenyewe. Mbele yako kuna mfuniko mrefu wa plastiki una vibanio huku na huku, bana vuta. Filta inatoka kama treya, ivute taratibu ikiwa mlalo, usiiinamishe, takataka zote zitaingia kwenye feni halafu utasikia trrrr kila ukiwasha. Ingiza mkono na kitambaa chenye unyevu kidogo ufute kile kijumba kabla ya kuweka mpya. Gari za Ulaya usitafute kwenye droo tu, BMW E90 kwa mfano yake iko chini ya boneti karibu na kioo.

Mshale ndo unaowachanganya watu. Ikiandikwa UP, mshale unaangalia juu. Ikiandikwa AIR FLOW, mshale unafuata hewa inakokwenda, na kwa filta inayolala juu ya feni hewa inakwenda chini, kwa hiyo mshale unaangalia chini. Filta mbili za gari moja zinaweza kuwa na mishale inayopingana na zote ziko sawa, soma neno lililo pembeni ya mshale. Ya mkaa ikigeuzwa vumbi linaanza na upande usio wake.

Kabla ya kuisukuma ndani chukua kalamu ya maka andika tarehe na kilomita kwenye fremu, upande utakaouona ukifungua. Ya kwangu imeandikwa 184,210.